Zamu ya Kumtembeza Mabel

Kinyaa kilimshika Delmar Stroud tangu asubuhi, alipovishwa fulana. Ilikuwa ya kijani cha ndimu, sare na za binti yake Trisha, mkwewe Kurt na wajukuu wawili. Kifuani ilichapwa sura yake mwenyewe inayochekelea, na chini yake maneno KIKOSI CHA BABU. Kwa Kurt, ambaye tumbo lake si haba, sura hiyo ilikuwa imetanuka mashavu mpaka inatisha, na kila Kurt alipocheua soda, babu naye alitikisika. Familia nyingine ziliwapita na fulana zao, ukoo wa hawa, genge la wale, na hakuna hata mtu mmoja aliyeona haya.

Bustani yenyewe ya burudani ilinuka. Ilinuka sukari iliyoungua, mafuta ya kujipaka jua, soksi mbichi na nyama ya moshi. Joto la Florida lilivichemsha vyote pamoja, na Delmar, mtu wa Kentucky aliyezoea hewa ya shamba, alikuwa akipumulia mdomo. Mbele ya bembea kubwa mtoto alikuwa ametapika maji ya rangi ya waridi, na watu walikuwa wakiyaruka bila kuacha kula.

Asingekuja kama si Trisha kumbembeleza miezi yote ya baridi. "Baba, bila wewe hainogi. Watoto wanakutaka." Mzee akaingia mkenge, akadhani anapendwa. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba Mabel naye aje, kwa sababu Mabel alikuwa mbwa mzee mwenye figo mbovu na hakuna jirani angemwelewa. Trisha akakubali upesi mno, na hapo ndipo Delmar alipopaswa kushtuka.

Siri ilitoboka siku ya kwanza tu, langoni. Kwa sababu ya goti lake bovu, Delmar alikodishiwa kigari cha umeme, akapewa na kadi ya wasiojiweza. Mwenye kadi hapangi foleni. Anapita mlango wa pembeni, yeye na aliokuja nao, mradi yeye mwenyewe awepo na sura yake ifanane na picha. Kurt alipoiona ile kadi alimpiga mzee begani kwa furaha, akasema, "Mzee, wewe ni mali!" Delmar alicheka naye. Sasa, siku ya tatu, akikumbuka kicheko kile alijiona mjinga.

Delmar alimwacha Mabel kila asubuhi kwenye banda la mbwa wa wageni, nje kidogo ya lango. Utaratibu wa pale ulikuwa wa kizamani. Wahudumu wanatia maji na chakula, basi. Kumtoa mbwa nje ajisaidie ni kazi ya mwenyewe, na adhuhuri lazima mtu arudi. Unapewa kibati chenye namba, na bila kibati hicho mbwa hatolewi hata ulie machozi ya damu. Siku mbili za kwanza Delmar alikwenda mwenyewe, na mara zote mbili Trisha alinuna, maana kikosi kizima kilibaki kimekwama juani kikimsubiri.

"Leo zamu yangu," Kurt alisema wakati wa kifungua kinywa. "Wewe tulia, mzee. Mimi na Mabel tunaelewana."

Adhuhuri, gwaride lilipokuwa likipita, kweli Kurt alitoweka. Alirudi ameshika paja la bata mzinga kubwa kama rungu, mafuta yanamchuruzika mkononi na kuidondokea sura ya babu kifuani.

"Vipi Mabel?" Delmar aliuliza.

"Safi kabisa! Kakojoa weee, utadhani farasi."

Delmar akashusha pumzi. Mabel hakuwahi kuchafua ndani tangu akiwa kitoto. Hata alipoumwa alikuwa akijikokota mpaka mlangoni na kusimama hapo akitetemeka mpaka afunguliwe. Alikuwa na haya kuliko watu wengi Delmar aliowajua, na siku hiyo Delmar aliona ni kuliko wote.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipokaribia mlango wa pembeni wa mchezo wa maporomoko ya maji. Delmar aliingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akagusa kitu cha baridi. Kilikuwa kibati cha Mabel.

Alikitazama. Kisha akamtazama Kurt.

"Ulimtoaje bila hiki?"

Kurt aliacha kutafuna. "Walinijua tu, mzee. Si wananiona kila siku?"

"Hujawahi kufika pale hata siku moja. Nakuuliza, umemtoa mbwa wangu au hukumtoa?"

"Baba, punguza sauti," Trisha aliingilia. "Foleni ya chakula ilikuwa ndefu, Kurt hakuwahi. Tungempitia jioni. Baba, ni mbwa! Akikojoa wanapiga maji, kwisha habari."

Delmar alimtazama binti yake kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Huyu alimlea mwenyewe. Alimbeba mabegani kwenye maonyesho ya mifugo, akamfundisha kumnywesha ng'ombe kabla yeye mwenyewe hajanywa. Kinyaa alichokuwa nacho kwa mafuta na matapishi kikahamia kwa Trisha, na kilimuuma kuliko goti. Akageuza kigari.

"Unakwenda wapi?" Trisha alimaka. "Ndiyo tunaingia hivi! Foleni ya kawaida ni saa mbili nzima, Baba. Watoto watalia."

"Walie. Maji hayaondoki."

"Basi acha kadi," Kurt alisema. "Acha na kigari. Nitakaa mimi, nitachechemea kidogo."

"Kadi ina picha."

"Si picha yako hii hapa?" Kurt alijipiga tumboni, akaangua kicheko, na punje ya nyama ikamruka mdomoni. Ikatua kwenye mkono wa Delmar. Mzee aliifuta kwenye suruali, akaikamua ile mashine mpaka ikalia, akapasua umati bila kuomba radhi.

Bandani, binti wa zamu alisimama mara alipomwona.

"Pole, mzee. Tulijaribu. Sheria haituruhusu kumtoa bila mwenyewe. Alipoanza kulia tulipiga namba mliyoacha. Mama mmoja akapokea, akasema mko njiani."

"Saa ngapi hiyo?"

"Mchana. Kama wakati wa gwaride hivi."

Wakati wa gwaride Trisha alikuwa kando yake, simu sikioni, akimwonyesha kidole cha ngoja kidogo. Delmar alitoa kibati, akafunguliwa.

Harufu ilimpokea kabla ya mbwa. Mabel alikuwa amesimama pembeni, uso ameukandamiza ukutani, mkia katikati ya miguu. Alikuwa ameshindwa, mbele na nyuma. Kisha, kwa vile hakuweza kukimbia alichokifanya, alikuwa amekisukumia blanketi kwa pua akitaka kukifunika, na pua ilikuwa imechafuka mpaka karibu na macho.

"Mabel. Njoo, mama."

Hakugeuka. Alitetemeka tu, akazidi kujibana ukutani.

Delmar alingoja kinyaa kije, maana siku nzima kilikuwa kimemjaa kooni. Hakikuja. Alishika chuma cha mlango, akajishusha taratibu huku goti likimlalamikia, akijua fika kwamba akishakaa chini hatainuka mwenyewe. Akakaa. Ubaridi wa majimaji ukapenya suruali. Akavua fulana ya kijani, akaanza kuifutia pua ya mbwa wake, polepole, mpaka sura inayochekelea haikuonekana tena. Baada ya muda Mabel akaulaza uzito wake wote kwenye paja la mzee.

Simu ikaita.

"Baba, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Trisha, na nyuma yake kelele za maji. "Tumerudi mlango wa pembeni, mlinzi anasema haturuhusiwi mpaka akuone."

"Nimekaa kwenye mavi ya Mabel," Delmar alisema. "Siwezi kuinuka. Walikupigia simu mchana, Trisha. Njoo na mumeo mniinue. Huku hakuna foleni."

Alimsikia binti yake akivuta pumzi, kama anayetafuta neno, na kwa muda mfupi Delmar alimngojea kwa moyo wake wote. Kisha ikasikika sauti ya Kurt kwa nyuma, mdomo umejaa:

"Mwambie aipige kadi picha atutumie."

"Baba," Trisha alisema, "unaweza?"