Mguu wa Cheche

Tangu aanguke kutoka kwenye paa alilokuwa akilichomelea na kupooza miguu, Cheche, kama mafundi wenzake walivyomwita, hakuwahi kuona uso wa mama yake uking'aa kama siku ile ya kwanza ya mashine hospitalini. Mtaalamu wa mazoezi alimbandika vibandiko vyenye nyaya mapajani, akawasha umeme. Misuli ikakazana, goti likanyooka, mguu ukainuka juu ya kitanda. Mama alilia huku anacheka. Mtaalamu alimweleza taratibu kwamba ni umeme tu unaouinua, ili damu itembee na misuli isinyauke. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Cheche alielewa. Mtu aliyeishi kwa umeme hafundishwi umeme. Lakini alinyamaza, kwa kuwa mama alikuwa amenyong'onyea mno, na nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya hiyo furaha kiduchu? Kila wiki mguu ulipoinuka, naye alitabasamu kama vile kauinua yeye. Mtaa mzima ukapewa habari za goti lake, mpaka muuza mkaa akawa anampongeza. Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea.

Siku moja shemeji yake alimrudisha nyumbani, akisukuma kiti cha magurudumu. Walipofika mlangoni, mteremko wa zege uliokuwa ukipitisha kiti haukuwepo. Umevunjwa, na mahali pake pamejengwa ngazi mpya, saruji ndiyo kwanza inakauka. Mama alisimama juu yake, ameshika ufagio, anajisikia.

"Ule mteremko ulikuwa unatutia mkosi," alisema. "Mwanangu ataingia kwa miguu yake."

Shemeji alimbeba mgongoni kama gunia. Cheche aligeuka kumtazama mama, kwa hasira na kwa huruma.

Wiki iliyofuata alimwomba mama yake waende pamoja hospitalini, akamwomba mtaalamu ampe mama kitufe cha mkononi cha kuwashia mashine.

"Bonyeza, mama."

Mguu ukainuka.

"Achia."

Ukashuka.

"Sasa usibonyeze. Nauinua mwenyewe."

Akajikaza kama alivyojikaza kila asubuhi kitandani, mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamtiririka. Mguu ulilala vilevile.

"Jitahidi, baba," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Najitahidi, mama. Huku ndiko kujitahidi kwangu."

Mama aliutazama mguu, akakitazama kidole chake. Akaelewa, na kuelewa huko kulimzeesha palepale. Cheche alitamani ayameze maneno yake. Mtaalamu alinyoosha mkono kuchukua kitufe, lakini mama hakukitoa. Aliuliza kama muda wa mazoezi umekwisha, akaambiwa bado. Akavuta kiti karibu na kitanda, akamshika mwanawe mkono.

"Basi nitakuinulia mimi," alisema, akabonyeza.

Mguu ukainuka, na Cheche hakuhisi kitu, isipokuwa machozi ya mama yaliyomdondokea mkononi.