Mzio wa Kiraka

Alfajiri ile nilisikia birika likilia. Mlio mwembamba, wa kupanda na kushuka, kama maji yanayokaribia kuchemka. Nikajisemea, leo binti yangu ameniwahi jikoni, Mungu ambariki, nikajifunika tena shuka. Kisha nikakumbuka kwamba binti yangu yuko zamu. Anaoka mikate kiwandani na harudi mpaka jua litoke. Ndani ya nyumba tulikuwa mimi na mjukuu wangu tu.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyuma, amekaa juu ya gunia analolalia mbwa, na mbwa amemlazia kichwa mapajani.

"Kidoti, ni nini kinacholia?"

"Ni birika, Bibi."

Jiko lilikuwa baridi. Birika lilikuwa limefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, palepale nilipoliacha baada ya kuliosha. Mlio ulikuwa unatoka kifuani mwake.

Nilikimbilia pampu yake ya pumu. Nilikimbia kweli, na magoti yangu haya. "Vuta. Shika. Achia. Vuta tena, mama." Mbwa aliinuka mwenyewe, akarudi nyuma mpaka ukutani, akakaa huko mbali akitutazama. Hakuna aliyemfukuza. Kifua kilipoanza kutulia, mtoto akanishika mkono.

"Bibi, usimwambie mama."

Mbwa huyo, Kiraka, alikuwa wa fundi viatu, jirani yetu, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wetu. Aliitwa Kiraka kwa sababu ya doa jeusi kwenye jicho, na Fundi alikuwa akiwaambia wateja kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya bure. Kidoti alikuwa akitoka shule anakaa kibandani kwake hadi mama yake aamke. Fundi alimwita "mteja wangu," maana viatu vya mtoto yule vilikuwa havimalizi mwezi.

Kidoti alipoanza kukohoa, sote tulisema ni gundi. Ile gundi ya viatu inawasha hata macho ya mtu mzima. Fundi akalihamishia kopo nje. Kikohozi hakikuisha, basi akaacha kabisa kuitumia siku za shule. Hata soli ambayo angeibandika kwa dakika mbili, akawa anaishona kwa mkono, sindano na uzi, macho yenyewe yameshaanza kumtupa. Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Na wakati huo wote mtoto alikuwa amekaa pembeni, amemkumbatia mbwa.

Hospitalini, daktari alimdondoshea vitone vya dawa mkononi na kuvichoma kwa sindano, kimoja kikavimba kama ameumwa na nyuki. "Ana mzio wa mbwa," akasema.

Mimi mzio niliokulia nao ni kitu mtu asichokula. Nikamwambia, "Daktari, hilo si tatizo. Nyumbani kwetu nani anamla mbwa?"

Yule daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanishika bega, akanieleza taratibu, bila kunidharau: ni manyoya, mate, na vumbi la ngozi yake. Akasema mbwa asiingie nyumbani kwetu.

Ingeishia hapo. Lakini macho ya Fundi yalizidi kufifia, na mwanawe akaja kumchukua akaishi naye kwenye nyumba ya kupanga, ghorofani, ambako mwenye nyumba hataki mbwa. Jioni moja Fundi alisimama mlangoni kwetu na Kiraka kando yake, amemwogesha, manyoya bado yana maji.

"Jirani, siombi," akasema. "Nauliza tu."

Binti yangu alikataa hapohapo. Kidoti akaanza kulia.

"Mama, mzio ni kitu usichokula. Bibi alisema! Mimi simli."

"Nyamaza wewe, wakili wa mbwa."

"Atalala nje. Sitamgusa. Nitamtazama tu."

Binti yangu alinitazama mimi, nami nikayatazama maji yakidondoka kutoka kwenye mkia wa Kiraka. Yule mzee alikuwa amemwogesha ili mjukuu wangu apumue. Nikasema, tujaribu. Alale kibarazani, mtoto asimguse, na kifua kikilia tu, mbwa anaondoka. Kidoti alikubali kila sharti upesi mno. Fundi alinishukuru mpaka nikaona haya.

Kwa hiyo asubuhi ile ya birika, binti yangu aliporudi na unga kwenye nyusi, nilimwambia yote. Mtoto alinigeuzia mgongo.

"Umeniuza, Bibi."

"Nimekuuza, ndiyo."

Mama yake aliketi sakafuni na aproni yake, akamvuta.

"Umekuwa ukienda kwake kila alfajiri?"

"Si kila."

"Na kifua?"

"Nilikuwa nakohoa kwenye mto." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayeongeza bei, "Mama, nitaacha. Naapa nitaacha kukohoa."

"Mwanangu, kukohoa hakuachwi kama kunyonya kidole." Binti yangu alitaka kucheka, lakini kilichotoka kilikuwa kilio. Walilia wote wawili pale chini. Mimi nikaenda kuchemsha maji, maana mtu lazima achemshe.

Mlinzi wa kiwanda cha mbao, anayepita kwetu akienda kazini, alikubali kumchukua Kiraka. Alikuja na kamba. Lakini alipoiona sura ya mtoto dirishani, aliikunja akaitia mfukoni. Akachuchumaa, akamwita mbwa kwa jina, akamnusisha kiganja chake, wakaondoka bega kwa bega kama watu wanaofahamiana. Nadhani alimfunga walipokata kona. Pale mbele yetu hakumfunga.

Kidoti hakula siku ile. Usiku alilala kimya, kifua kimya pia, nami nilikaa kando yake nikikisikiliza kimya hicho. Nilikifurahia na kukionea uchungu.

Ilibaki kumwambia mwenye mbwa. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, goti langu likigomba njia nzima. Fundi alifungua mlango akiwa na shati jipya ambalo mikunjo ya dukani haijatoka. Koti lake la kazi lilikuwa limetundikwa nje, barazani.

"Lile bado lina manyoya," alisema. "Nilipoambiwa mnakuja, nikalitoa."

Nilimweleza. Alisikiliza akipapasa ukingo wa meza kana kwamba anatafuta mshono.

"Huyo mlinzi ana sauti kali?"

"Hapana. Anaongea polepole."

"Afadhali. Kiraka hapendi makelele."

Kidoti alikuwa amejificha nyuma ya gauni langu. "Babu Fundi, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa kupumua? Njoo hapa, mteja wangu. Lete mguu."

Mtoto alimpa mguu. Alikipapasa kiatu kwa vidole, taratibu, kisigino hadi ncha, maana macho hayakumsaidia tena.

"Hapa ameshona nani?"

"Fundi mwingine, wa kule sokoni."

"Ameshona kama anafunga gunia la mkaa," akasema, na Kidoti akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu mbwa aondoke. Fundi aliendelea kukishika kile kiatu hata baada ya kumaliza kukikagua.

Tulipoaga, alitusindikiza hadi kwenye ngazi, mkono ukutani. Nilimwahidi kwamba nikipata habari za Kiraka nitamletea.

"Utaniletea, najua," akasema. "Lakini jirani, hata usipokuwa na habari zake." Akageuza uso kule alikodhani mtoto amesimama. "Mje tena. Mje hivihivi tu."