Vitufe vya Mama Mkwe

Programu ya kompyuta ya dukani ilikuwa na tabia ya kujisasisha yenyewe kila Jumamosi alfajiri, na kila Jumamosi alfajiri Injinia aliamka na wasiwasi. Injinia lilikuwa jina la utani, alilobandikwa na wapiga pasi waliotaka kucheka kidogo. Cheti chake kilikuwa cha kozi fupi ya kompyuta. Lakini jina alilipokea kwa mikono miwili, tena akaenda kuchapisha beji.

Duka lilikuwa la dobi, mali ya mama mkwe wake, na hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Bosi wa kawaida unaweza kumbishia, hata ukamnunia. Mama mkwe utamwambia nini? Alipotaka lebo za nguo ziandikwe mteja anavyojulikana mtaani, "Kipara wa Kona" badala ya jina la kitambulisho, Injinia aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mama." Alipotaka kitufe cha kutenga nguo za majirani, sawa, mama. Kitufe cha wanaochelewa kuchukua nguo zao. Kitufe cha wateja wasiosalimia. Sawa, mama, sawa, mama, mpaka skrini ikajaa vitufe kama koti la askari wa gwaride.

Kampuni iliyowauzia programu ilikuwa imewashauri waitumie kama ilivyo, wabadilishe pale tu kazi inapokwama kabisa, kwa sababu kila inapojisasisha, vilivyopachikwa huweza kung'oka. Injinia aliusoma ushauri ule akacheka peke yake. Hawa wanawaandikia watu wa kawaida, alijisemea. Mimi fundi.

Basi fundi wetu wikiendi zake zote zikaishia kutia viraka. Mkewe akimkuta amekodolea skrini sebuleni humwambia, "Msalimie mke mwenzangu," kisha huyo, anakwenda zake kulala. Injinia alivumilia, maana mama mkwe alikuwa anafungua tawi la pili na hajasema funguo atampa nani. Alizitaka zile funguo mpaka akawa anaziota. Alikuwa amechoka kuwa mkwe aliyewekwa dukani kwa hisani ya mke.

Jumamosi moja programu ikajisasisha, ikagongana na vitufe vyake, na lebo zote zikabadilishana mifuko. Hakuna aliyegundua mpaka alipokuja bwana harusi ambaye ndoa yake ilikuwa mchana uleule. Alifungua mfuko wake akatoa gauni la maua la mama mmoja mwenye mwili. Hakupiga kelele. Alilinyanyua, akalipima kifuani, akamuuliza Injinia kwa upole, "Nivae hili?"

Heri angetukanwa.

Suti ilikuwa imeondoka na Kipara wa Kona, aliyebeba mfuko bila kuutazama. Injinia alitoka mbio, beji ikimpiga kifuani kila hatua, akaipata suti na kurudi nayo imekunjamana, mpiga pasi akainyoosha huku bwana harusi amekaa kwenye benchi akitazama saa. Harusi ilipona. Aibu haikupona, na wapiga pasi walicheka mpaka wakaegemea ukuta.

Duka lilipotulia, Injinia alikaa mbele ya kompyuta. Angeweza kuvitia viraka vitufe vyote, kama kawaida yake, aonekane bingwa mpaka Jumamosi nyingine. Au avitoe, amwambie mama mkwe hapana, na funguo azisahau. Alilikumbuka lile gauni. Akapiga moyo konde, akaingia ofisini.

"Mama, samahani. Vile vitufe nimeamua kuvitoa," alisema, macho sakafuni. "Na ukiniomba kingine, nitakataa."

Mama mkwe alivua miwani. "Afadhali, baba. Nilikuwa nimeishiwa."

"Umeishiwa nini, mama?"

"Cha kukuomba. Mkeo aliniambia unajiona huna maana hapa, umekaa kama pambo. Nikawa nakutafutia shughuli. Kile cha wasiosalimia nilikitunga nikikoroga chai."

Injinia alitafuta kiti. Wikiendi zote zile! Alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kukohoa.

"Hakuna hata kimoja ulichokitumia?"

"Kipo kimoja. Yale maandishi makubwa." Mama mkwe alishusha sauti. "Macho yangu siku hizi yananisaliti, mwanangu, na sijamwambia mtu. Bila yale maandishi ningekuwa nimeshafunga duka. Nikiyaona kila asubuhi nakuombea dua."

Maandishi makubwa. Hayo Injinia hakuyatengeneza. Yalikuja na programu yenyewe. Alibonyeza mara moja tu, siku ya kwanza, kwa sababu alimwona mama mkwe akikunja uso mbele ya skrini, na tangu hapo hakuyafikiria tena.

"Mama, hayo si kazi yangu," alisema. "Yalikuwamo humohumo. Mimi nilibonyeza tu."

"Uliona sioni, ukabonyeza. Mimi nilikuwa nakuomba vitu chungu nzima, na cha maana ni kile nisichokuomba." Alivuta mtoto wa meza, akatoa funguo mpya, akazishika mkononi. "Programu ya tawini utaibadilisha nini?"

Injinia alifungua mdomo. Mawazo yalikuwa tayari yanapanga foleni, mazuri kwelikweli.

"Nitakuza maandishi, mama," alisema. "Basi."

Mama mkwe akamnyooshea funguo. Akazipokea kwa mikono miwili, na alipotoka ofisini alikuwa ameshavua beji.