Unga wa Bibi Sabra

Bajaji ilipokaribia stendi ya Kibiti, Sabra alilisikia jina lake kwenye spika. Unga wa mlonge wa Bibi Sabra wa Salale, unaongeza kinga ya mwili, ukiunywa huu vidonge huna haja navyo tena. Mwanawe, Hadija, alikuwa amemlalia begani, mwili unawaka homa. Sabra akamwambia dereva asimame.

Alikuwa amemfuata Hadija nyumbani kwa mume wake, kijijini Mtawanya, na sasa wanakwenda hospitali. Njia nzima alimuuliza nani aliyemwambia aache dawa za kufubaza virusi, alizozimeza miaka yote bila kukosa, na njia nzima Hadija aligeuza uso. Sasa jibu limesimama pale mbele ya duka la simu, limevaa koti jeupe kama daktari: Mtoro, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekula ubwabwa wa Sabra mpaka akaota ndevu.

Mlonge ni wake, hakatai. Majani yale amewachemshia watu tangu ujana wake, na kila mmoja alimwambia vilevile: meza kwanza vya hospitali, mchuzi huu ni wa kukutia nguvu tu. Mtoro aliyasikia hayo yote akiwa kwenye jamvi lake. Akaondoka na jina, maneno akayaacha Salale.

Sabra akashuka, akapenya foleni ya wanunuzi mpaka kwenye meza ya Mtoro, akawaambia watu kwamba Sabra ni yeye na unga huu ni uongo mtupu. Alidhani watatawanyika. Wapi. Mama mmoja alimshika mkono kwa furaha, kumbe Bibi Sabra yupo kweli, akachukua pakiti akasogea kando kimya, maana pwani hii dawa haishukuriwi. Ukisema ahsante umeshaiua, haiponyi tena. Foleni ikarefuka.

"Shemeji," Mtoro akasema, bila hata haya, "unaona wanavyokupenda?"

Sabra alikwishainua mkono amzabe kibao alipomwona Hadija ameshuka, ameshikilia ukingo wa meza, baibui linampwaya. Mtoro naye akamwona, na meno yakarudi ndani. Ni yeye aliyempelekea pakiti nyumbani, akamwambia mama yako ndiye aliyeisaga kwa mkono wake.

"Mimi ndiye mtoto wa Bibi Sabra," Hadija aliwaambia wale watu. "Niliacha vidonge vyangu, nikanywa unga huu. Nitazameni."

Kisha akamgeukia Mtoro, sauti ya chini lakini kila mtu aliisikia.

"Ahsante, baba mdogo. Ahsante sana kwa dawa."

Yule mama wa kwanza akairudisha pakiti yake mezani taratibu, kama aliyeshika kitu kilichooza, na wengine wakafuata. Spika peke yake ndiyo iliyoendelea kumsifu Bibi Sabra. Sabra akaung'oa waya, akamkumbatia mwanawe kiunoni, na kumrudisha kwenye bajaji.