Jina Langu Kwenye Bili ya Gesi

...na hizi karatasi tatu amezipanga mbele yangu kama vile nachagua kitambaa cha gauni, ya bluu, ya kijani, ya dhahabu, kila moja ina picha ya msichana anacheka na kadi ya mkopo mkononi, anacheka nini huyu, mimi nimetoka zamu saa moja asubuhi, nimefua mashuka ya hospitali mpaka mikono inanuka dawa, macho yananiwasha, na Bi Petrillo, karani wa mikopo, anasema, "Usiwe na haraka mpenzi, soma taratibu," haya Bi Petrillo, nasoma, nimesoma mstari huo huo mara nne, riba asilimia ishirini na tisa, riba asilimia ishirini na tisa... hii ya bluu ndiyo ya dhamana, unawapa dola mia mbili zako, wanazifungia, halafu wanakukopesha hizo hizo mia mbili zako, ukizirudisha kila mwezi bila kuchelewa, baada ya mwaka wanasema ahaa, kumbe huyu anaaminika, loo, nchi hii ina mambo, mtu ambaye hajawahi kukopa ndiye wanayemwogopa, babu Hudak alisimama mbele ya tanuru la chuma miaka thelathini hapa hapa Youngstown, hakudaiwa hata senti, chama hiki cha akiba ni cha watu wa kiwanda chake, mimi mwenyewe nimeingia kwa jina lake, lakini babu akifufuka leo akaomba kupanga chumba watamwuliza, wewe mzee ni nani, mbona hatukujui... ya kijani ni ya wanaoanza, haina dhamana, ila wanataka jina lisiwe na doa, na ya dhahabu ni ya lile duka la matairi, mama ndiye aliyeniambia, chukua ya matairi Kels, wale wanampa hata maiti, akacheka, akapuliza moshi wa sigara kando ili usimfikie mwanangu Owen, mama na vichekesho vyake, sasa nakumbuka alivyocheka na simchukii, hapo ndipo ninapochoka zaidi, afadhali ningemchukia...

"Nikuletee maji?" "Hapana, asante," nasema, naye ananitazama kwa huruma, huruma ya mtu aliyekwishaona wengi, nywele zake za mvi zimefungwa nyuma, miwani imening'inia kwa mnyororo, ana umri wa mama, pengine walisoma pamoja, mji wenyewe huu mdogo, Mungu wangu, pengine anamjua, pengine Ijumaa za Kwaresima wanasimama foleni moja kanisani kununua pierogi, vile vitumbua vya viazi... na nilikuja hapa nikidhani tatizo langu ni kwamba sina historia yoyote, ukurasa mweupe, nilijipanga kabisa jinsi ya kusema, mimi ni mgeni kwenye mambo haya Bi Petrillo, nisaidie, akabofya, akabofya tena, akasema, "Lakini wewe una historia, mwanangu," akageuza skrini nione, Kelsey Ann Hudak, namba yangu ya serikali tarakimu zote tisa, kampuni ya gesi, akaunti ilifunguliwa mwaka ule, nikahesabu kwa vidole chini ya meza, nilikuwa na miaka tisa, miaka tisa na nadaiwa gesi, ikalipwa ikalipwa, ikaachwa nilipofika kumi na sita, dola elfu moja mia moja arobaini, wameiuza kwa wakusanya madeni, alama zangu za mkopo mia nne na themanini na kitu, na Bwana Lucarelli mwenye nyumba anataka mia sita, chini ya mia sita simpi mtu ufunguo, alisema, hata awe binti wa padri, ananishikia vyumba vyake viwili mpaka Ijumaa, leo Jumatano, vyumba viko juu, vikavu, vina dirisha, Owen tangu azaliwe analala chini ya ardhi nyumbani kwa mama, ukuta unatoa maji, anakohoa mpaka anatapika, daktari ameshasema mara mbili, huyu mtoto muondoeni kwenye unyevu, kana kwamba nimemweka huko kwa kupenda...

"Akaunti ya mtoto mdogo, hiyo inafutika," anasema Bi Petrillo, sauti ya chini, mlango wa ofisi yake ni wa kioo na kuna mzee nje anasubiri, "unajaza fomu hii, unapeleka polisi, wanakupa namba ya taarifa, tunaituma, doa linaondoka, nikimpigia huyo mwenye nyumba nikamweleza liko njiani kufutwa, wengi wanaelewa, na kadi ya kijani nakupa leo leo," ndiyo, nasikia, "ila kuna hapa, kipengele cha sita, wanauliza kama unamfahamu aliyefanya hivyo," na kidole chake kimetua hapo, kucha fupi, safi, "ukiandika humfahamu ilhali unamfahamu, hilo nalo ni kosa, nakwambia mapema," nasikia Bi Petrillo, nasikia yote, ama niache yote hayo, nichukue ya bluu, niweke mia mbili zangu, nibebe doa lisilo langu, nijenge jina pole pole kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali ya kuokota, mwaka, mwaka na nusu, na vyumba vya Bwana Lucarelli apewe mwingine... dawa ya deni kulipa, ndivyo wanavyosema, lakini deni la nani, nilipe gesi niliyoogea nikiwa darasa la tatu...

Kwa sababu niliogea, siwezi kusema sikuogea, nakumbuka vizuri kipindi kile, baba alikuwa amekwenda Carolina kutafuta kazi na kazi ikampata huko pamoja na mwanamke, gesi ilikuwa kwa jina la baba ikakatwa, mama akaiweka kwa jina lake ikakatwa, Januari, theluji mpaka madirishani, tunalala na makoti, mama anachemsha maji kwenye sufuria kwa jiko la umeme la kuazima, halafu siku moja ameketi kwenye sakafu ya jikoni na simu, ana ile sauti yake ya ofisini, sauti anayoitumia kwa watu wa serikali, ndiyo bibie, kwa jina la Kelsey Hudak, ndiyo, ni mimi mwenyewe, mimi niko chini ya meza nachora, nikacheka, mama anajifanya mimi, nikaona mchezo mzuri, akaanza kusoma namba yangu, nilikuwa naijua kwa moyo maana yeye ndiye aliyenifundisha, akakosea, nikamwambia, saba, mama, si moja... akaziba simu kwa kiganja, akanitazama, akasema kwenye simu, samahani, saba, na baada ya siku mbili mabomba yakagonga gonga ukutani, nyumba ikapata joto, tukacheza dansi sebuleni kwa soksi, mama analia anacheka, nilidhani ni furaha tu.

Basi niandike nini, polisi waje wamkute anamenya viazi jikoni shuleni, mbele ya watoto, na kofia yake ya wavu, Denise Hudak, unatuhumiwa kumwibia mwanao jina, watu wa mji huu watakula hayo maneno mwaka mzima, na mimi ndiye niliyemrekebisha namba... hapana, nachukua ya bluu, nimeshaamua, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alinipa joto kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa jina langu, Owen atakohoa mwaka mmoja zaidi, nitamnunulia mashine ya kukausha hewa, wanauza za mitumba, nitaomba zamu za Jumapili, sijui nitalala lini, haya, nitalala nikifa... "Kalamu hii hapa," anasema Bi Petrillo, anaisogeza, naishika, nasogeza karatasi ya bluu, jina kamili, Kelsey Ann, nimeliandika mara maelfu, namba ya serikali, saba hiyo, mstari mmoja chini wanauliza, je, una wategemezi, una watoto, wangapi, umri gani, naandika mmoja, naandika nne, na hapo tu, kwenye hiyo nne, ndipo kalamu inaposimama, maana Jumanne ya wiki iliyopita, nafunga kamba za viatu nikimbilie zamu, mama yuko jikoni ananiita, Kels, ile namba ya Owen inaishia na ngapi, nami nikamjibu bila kuinua kichwa, nikamtajia zote, alisema nini, ni ya nini, alisema chekechea wanaitaka, fomu za Septemba, lakini chekechea nilikwenda mimi mwenyewe mwezi wa nne, fomu nilijaza mimi, kwa mkono huu huu, na mama aliniona nikijaza, alinitengenezea kahawa nikijaza...

Na barua ya umeme ilikuwa mlangoni wiki ile, ya rangi ya waridi, rangi wanayotumia wakitaka kukata, kisha sikuiona tena, taa hazikuzimika, nikasema mama kapata pesa mahali, nikashukuru, nilishukuru jamani, nikamwambia kabisa asante mama, akaniambia, wacha wee, familia ni familia... kikulacho ki nguoni mwako, lakini hivi, huyu si mdudu, huyu ni mama, anamwoshea Owen nywele, anamwimbia, anampenda, najua anampenda, kama alivyonipenda mimi, kwa upendo ule ule, na hilo ndilo baya, kwamba ni upendo ule ule, na hautakoma, mimi nikiuvumilia nimeuruhusu, nimemkabidhi mtoto, atakuja kuketi kwenye kiti kama hiki na miaka ishirini na moja, aoneshwe skrini, ahesabu kwa vidole chini ya meza...

"Mwanangu? Umechagua?" Bi Petrillo ameinama kidogo, miwani imeshuka puani, mzee wa nje bado amesimama, kalamu bado iko juu ya ile nne, dakika hazijapita hata tano tangu anipe karatasi, nimechoka, Mungu anajua nilivyochoka, ningelala hapa hapa mezani, mama nisamehe, wala usinisamehe, tutasemezana jioni ukinirushia sahani... naisukuma ya bluu pembeni, naivuta fomu, kipengele cha sita, "Namfahamu," nasema, sauti inatoka ndogo, narudia, "namfahamu, Bi Petrillo, nitaliandika jina lake, lakini kwanza niambie mtu anafanyaje akitaka kuangalia jina la mtoto, kama kuna mtu amelitumia, wa kwangu ana miaka minne."