Kadi Mbili na Pengo la Baba

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba nimeteuliwa kuwa hakimu wa kadi mbili za picha, na kwamba wote waliohudhuria walikuwa na jambo wananificha.

Kuteuliwa hakukunishangaza. Mtaa mzima wa Makorora hakuna anayehariri video za harusi akanishinda, na ushairi nimejifunza mwenyewe, bila mwalimu, kwa hiyo masikio yangu nayaamini. Kadi zenyewe, vipande vinavyoichorea kompyuta picha za kwenye skrini, nilizijua. Mzee Salmini wa duka la kompyuta alinipa zote mbili nizijaribu, nitakayoikataa nimrudishie. Nilizitaka kwa kazi moja: kusafisha mkanda wa zamani, dakika tatu tu, ambamo marehemu baba anamghania mama shairi kwenye harusi ya jirani. Hatuna picha nyingine ya baba akiwa anasogea.

Sheria ya ndotoni ilibandikwa ukutani. Mkanda utachezwa mara moja kwa kila kadi, kisha utageuka uzi wa kushonea. Kitakachobaki duniani ni kile itakachochora kadi nitakayoichagua.

Kadi ya kwanza inaitwa Shwari. Amekaa kitini kama mtu, amekunja nne. Ya pili inaitwa Mvumo. Ana feni tatu na zote zinakoroma.

Nilianza na kelele. Nilizipima kama ninavyopima mshororo, kwa vidole. Mvumo alinguruma mizani kumi na moja, akapumzika, akaongeza mbili. Nikamwambia kwa ukali kwamba hata mtoto wa chekechea anajua huo si utungo.

"Niko kazini, ndugu hakimu," alisema. "Wewe ukibeba gunia huhemi?"

"Mwenzangu ana pumu," Shwari alinong'ona. "Tumwonee huruma."

Shwari hakutoa hata mizani moja. Nikampa alama zote. Halafu nikapeleka kiganja mbele ya feni yake na sikuhisi upepo. Nilimuuliza anapumulia wapi. Akatabasamu na kuniomba tuendelee na ratiba.

Tulipogeuka, chumba kilikuwa ukumbi wa harusi. Wageni walikuwa wameketi, kila mmoja na sahani ya pilau, na hakuna aliyekula. Walikuwa wakinitazama mimi.

Zamu ya draiva ikafika. Dukani, draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Ukumbini draiva walikuwa watu. Draiva wa Shwari aliingia na suti iliyopigwa pasi, akaeleza kwamba kila kitu kiko sawa. Baada ya dakika moja akaingia mwingine, sura ileile, akatuomba radhi kwa aliyosema wa kwanza. Wa tatu akamkanusha wa pili. Nilipohesabu walikuwa tisa, wamejipanga mlangoni, kila mmoja anadai yeye ndiye mpya kabisa.

Draiva wa Mvumo alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu iliyochanika kwapani. Alifika amechelewa, akasema, "Tunaelewana naye," akalala.

Sikumwamini hata yeye.

Ndipo mkanda ukachezwa. Shwari anachora kwanza. Baba anatokea ukutani, angavu, kila unywele wa ndevu mahali pake. Anafungua kinywa na meno yote yamo, meupe, yamepangana kama vigae.

Mama yangu alikuwa safu ya mbele. Aliinamia sikio langu.

"Mwanangu, huyu kijana mzuri ni wa kwa nani?"

Niliruka. Nikamuuliza Shwari pengo la baba liko wapi, lile la jino la juu, ambalo kila akighani lilitoa mluzi.

"Nimeliziba," Shwari alisema. "Lilikuwa linaharibu picha. Na lile ndilo lililokuwa linapiga kelele."

Nikamwambia hana ruhusa ya kumrekebisha baba yangu. Nilimwita mwizi, tena mwizi wa meno, na nilikuwa naanza kumtungia shairi la kumwangamiza pale Shwari alipotoa daftari langu chini ya kiti na kuwasomea wageni.

"Mwatima, nipe mkono," alisoma. "Mizani nane kamili. Baba yake alisemaje?"

Wageni wote walijibu kwa sauti moja, bila kuacha kunitazama: "Bi Mwatima, nipe mkono."

Ni kweli. Mwaka juzi, nilipokuwa nanakili mashairi ya baba, likiwemo hili la mkandani, mstari ule ulinitia aibu. Ulikuwa na mizani tisa. Nikaiondoa "Bi" na sikumwambia mtu. Mama yangu alibaki Mwatima mkavu, kama anaitwa na karani wa foleni.

"Basi tunafanana, ndugu hakimu," Shwari alisema.

Mama alikuwa ananitazama. Nikamgeukia Mvumo, nikamwambia achore.

"Na kelele?"

"Piga."

Mvumo ananguruma hadi sahani zinatetemeka. Ukutani baba anakuja polepole, na chunusi shavuni, na pengo. Anafungua kinywa, mluzi unapita, na mizani zote tisa zinatoka. Mama ananyoosha mkono.

Nikasema, "Huyu ndiye."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka na mama alikuwa anafagia uani. Kabla ya kunawa uso nilichukua daftari, nikairudisha "Bi" mahali pake kwa kalamu nyekundu. Mstari ukawa mrefu kupita wenzake. Nikauacha.

Kisha nikaziendea kadi. Zilikuwa mezani ndani ya maboksi yake, kama nilivyozileta, gundi ya kiwandani haijaguswa. Boksi la Shwari lilikuwa baridi. Nilipochana la Mvumo na kuingiza mkono, kadi ilikuwa ya moto.