Mkao wa Babu Kituku

Katika ukoo wa Mzee Mohammed wa Voi, haipigwi picha ya harusi wala ya Idi ila wanaume wasimame wameinua videvu na kuficha mikono yote miwili nyuma. Ndio mkao wa Babu Kituku, babu yake Mzee Mohammed, aliyekuwa mpagazi katika vita vya kwanza vya dunia. Picha yake moja tu ndiyo iliyobaki, nayo mjane wake aliipata hakuna ajuaye wapi: uso, mabega, na mikono iliyoelekea mgongoni ikikatikia viwikoni. Ukoo uliamini kwamba alikufa kwa homa karibu na kilima cha Salaita, na kwamba picha ile ilipigwa siku alipoandikwa kazi.

Asubuhi moja, katika ukoo mzima, Mkamburi, mjukuu wa Mzee, ndiye peke yake aliyejua kwamba sivyo.

Alikuwa akiandaa maonyesho ya picha za vita katika ukumbi mdogo mjini. Zilipowasili picha kubwa kutoka ng'ambo, alifungua moja akakutana na uso alioutazama sebuleni tangu utotoni. Safari hii uso ulikuwa na kiwiliwili. Mikono ilikuwa imefungwa kamba nyuma. Juu ya kichwa palikuwa na boriti, na kwenye boriti kitanzi. Kando yake askari wawili wakiitazama kamera. Maelezo ya chini yalisema: "Jasusi wa adui, jina halijulikani, kabla ya kunyongwa."

Aliitundika akaifunika kwa shuka, akanuia kwenda kumweleza babu yake nyumbani, kwa upole, kabla wageni hawajafika. Lakini Mzee alimtangulia. Aliingia ukumbini amevaa kanzu iliyonyooshwa, kwapani fremu iliyofungwa kwa kanga.

"Mke wangu," alimtania, kama babu anavyomtania mjukuu wake, "mbona umesimama mlangoni kama askari wa lango? Nimekuletea Babu Kituku. Mtafutie pahali pa heshima."

"Karibu chai kwanza, Babu. Wageni bado."

"Chai nimekunywa. Msumari uko wapi?"

Solomon, mwenzake wa kazi, akamvuta Mkamburi kando. "Mwambie sasa," akanong'ona. "Akiiona mbele ya watu, utamuua mzee wa watu. Ama niitoe kabisa?"

"Ukiitoa, nani atajua alivyokufa?"

"Basi mwambie. Gari la wageni limeshaingia getini."

Mkamburi akageuka. Mzee alikuwa ameiweka fremu mezani, naye amesimama mbele ya shuka akiitazama, kidevu juu, mikono nyuma. Kati ya yule aliyefunikwa na huyu aliyesimama palikuwa na kitambaa tu.

"Humu mna nini?" Mzee aliuliza.

"Usiifunue, Babu."

"Kwani ni utupu?"

"Si utupu. Ni Babu Kituku."

Mzee akacheka. "Kituku ninaye mimi, mezani pale." Kisha akautazama uso wa mjukuu wake, na kicheko kikakatika. "Ifunue."

"Niache nikueleze kwanza. Hakufa kwa homa."

"Ifunue, Mkamburi." Hakumwita mke tena.

Shuka ikaanguka.

Macho ya Mzee yalipanda kwenye kitanzi, yakashuka kwenye kamba, yakarejea usoni. Mikono yake ilibaki nyuma, vidole vimeng'ang'aniana. Nje milango ya gari ilifunguliwa, na sauti zikaanza kusogea. Solomon akaenda kuushika mlango.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Mzee alisema hatimaye. Aliifungua kanga, akaiinua fremu na kuilinganisha na picha ya ukutani. Kisha akaupitisha ukucha juu ya kioo, pale ukingo wa picha ndogo ulipopinda. Siku zote walidhani ni uchakavu. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Bibi, mjane wake, ndiye aliyekata," alisema.

Mzee akairudisha fremu mezani.

"Tulipokuwa wadogo, kila aliponiona nimesimama mkao huu alikuja mbio, akanivuta mikono mbele na kunitia kitu. Muhogo, kikombe, hata kijiti cha kuni. 'Shika hiki.' Nikadhani ni mapenzi tu ya bibi. Nikawa nasimama hivyo makusudi ili nipewe muhogo." Akaitazama mikono yake. "Nami wanangu na wajukuu nimewafunga mikono kila harusi, nikiwaambia ni heshima."

"Wako mlangoni, Mzee," Solomon alisema.

"Niifunike, Babu?" Mkamburi aliuliza. "Neno lako ndilo tutakalofuata."

Mlango ukabishwa, Mzee bado ameikabili picha.

"Bibi aliificha kamba ili sisi tupate uso. Uso tumeshaupata. Kamba, wageni nao waione. Lakini hilo la kwamba jina halijulikani, lifute. Kama alikuwa jasusi au hakuwa, Mola ndiye ajuaye. Jina lake ninalijua mimi."

Mkamburi akayakata maneno yale kwa mstari, akaandika pembeni: Kituku.

Solomon akaufungua mlango. Wageni waliingia wakizungumza, wakakusanyika mbele ya picha. Mpiga picha wa gazeti akamwomba Mzee asimame kando ya picha. Mzee akasimama. Kidevu kilipanda, na mikono, kwa mazoea ya umri mzima, ikaanza kurudi nyuma.

Mkamburi akaichukua fremu mezani na kupenya kati ya watu.

"Shika hiki, Babu," alisema.

Mzee akaishika kwa mikono miwili, kifuani pake.